Ringi za mbao za dramu ya besi: uliza kwanza doa limekaa wapi

Kwenye dramu nzima hakuna kinachoteswa kama ringi ya mbao ya besi, na hakuna kinachotazamwa kama hiyo. Ya mbele inatazamana na waumini au wacheza dansi. Ya nyuma inang'atwa na pedali, inakaa karibu na sakafu, inarushiwa maji ya deki kila Jumamosi. Mtu akitaka kupendezesha dramu yake huanzia hapo, maana ni kazi ndogo ya barazani na haigusi mzinga, yaani mwili wa dramu. Na wengi huharibia hapo hapo.

Ninayoandika yametokana na ringi nilizovua na kuzisugua mwenyewe Dar es Salaam: nyingi za dramu za kanisani, chache za bendi za dansi, na jozi moja ya bendi ya shule iliyokuwa imepakwa rangi ya mafuta ya bluu mara tatu, moja juu ya nyingine. Sikupanga kwa hatua za kazi, nimepanga kwa malalamiko, kwa sababu mtu hutafuta msaada mambo yakishaharibika. Ukiona kasoro, usianze na "nipake nini?" Anza na "imekaa wapi?" Kasoro iliyo chini pale pedali inapobana, iliyo chini ya kucha za chuma, na iliyozunguka ringi nzima, hizo ni kasoro tatu hata kama kwa macho zinafanana.

Tuelewane maneno. Ringi ni lile duara la mbao linalobana ngozi kwenye mzinga. Kucha ni vile vyuma vilivyoing'ang'ania ringi, ambamo skrubu ndefu za kukazia hupita. Dramu ya inchi 22 kwa kawaida ina kucha 8 au 10 kila upande. Upana wa ringi ni kama sentimita 4, na ukiizungushia futi ya cherehani utapata karibu mita 1.8. Kwa hiyo robo lita ya vanishi inatosha ringi zote mbili kwa mikono minne, yaani kupaka mara nne, na inabaki. Aliyekuuzia lita nne amekuuzia na za mlango.

Kabla ya kuvua, chukua penseli uandike upande wa ndani: "mbele, juu" na "nyuma, juu", kisha weka alama kila kucha ilipokaa. Alama hizo ndizo ramani yako ya kusoma kasoro.

Msasa unaziba baada ya dakika mbili

Umenunua msasa namba 120, umesugua kidogo, umegeuka kitambaa chenye utelezi. Hapa watu hulaumu msasa. Kwa kawaida kosa ni joto: vanishi ikisuguliwa kwa haraka hulainika na kujaza mapengo ya msasa. Au juu kuna nta na mafuta ya kung'arishia fanicha, yaliyofutwa kwa miaka na mtu mwenye nia njema.

Osha kwanza. Kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa vizuri, kisha kingine chenye tapentaini, kisha kikavu. Ndipo ujue unapambana na kitu gani. Tafuta pahala pa kificho, upande wa ndani unaolalia ngozi, udondoshe tone la spiriti. Likilainisha baada ya nusu dakika, hiyo ni shelaki, vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti. Kama halikufanya kitu, dondosha tina ya laka, kile kimiminika cha kuizimulia. Ikilainika na kunata, ni laka, ile inayokauka haraka tina ikiruka. Vyote viwili vikishindwa, hapo una vanishi ya kisasa ya plastiki, ngumu, na tina haitaiondoa hata ukimwaga debe.

Kwa hiyo ya tatu, acha msasa. Mafundi seremala wa zamani wanakwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, na mpaka leo sijaona kifaa cha dukani kinachokishinda kwenye duara. Funga nusu ya kioo kwa karatasi ya kunata usijikate, kishike kwa mikono miwili kikiinama kidogo upande unaokwenda, uvute. Ukikishika sawasawa, vanishi itatoka kama maganda ya kitunguu na mbao itabaki laini. Ikitoka unga badala ya maganda, kioo kimekuwa butu. Geuza pembe nyingine.

Kama juu kuna rangi ya mafuta ya zamani, kama zile za bluu za shule, usiisugue kavu. Rangi nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake si la kuvuta, sembuse mtoto anayecheza barazani. Lowesha, kwangua, kusanya maganda kwenye gazeti, na vaa barakoa.

Ghafla limetokea doa la rangi nyingine

Mbao ilikuwa nyeupe, sasa pana kipande cheusi kidogo chenye kingo kama ramani ya kisiwa, na nyuzi zake zimelala upande mwingine. Pole. Umetoboa tabaka la juu.

Ringi nyingi zimetengenezwa kwa tabaka nyembamba zilizogundishwa na kukunjwa. Nzuri ni za mepo, ule mti wa jani lililo kwenye bendera ya Kanada. Za bei nafuu ni za mbao laini zenye tabaka moja zuri juu tu. Tabaka hilo la juu mara nyingi ni milimita moja hivi. Mashine ya kusugulia ikikaa sekunde chache mahali pamoja, hasa kwenye kingo, tayari. Na vidole navyo hutoboa: ukisugua bila kibao, ncha za vidole hubonyeza mistari mitatu, na mistari hiyo ndiyo huisha kwanza.

Dawa ya kurudisha tabaka haipo. Usijaribu kuficha kwa rangi ya mbao ya uwazi. Gundi iliyojitokeza haitakunywa rangi na doa litaonekana zaidi. Badilisha mpango uwe rangi isiyopitisha macho. Nyeusi imesitiri madhambi mengi kwenye ringi za besi, na ni rangi ya heshima. Dramu nyingi zimetoka kiwandani nayo. Sugua mpaka namba 220, jaza puti, paka rangi ya chini, kisha nyeusi. Hakuna atakayejua, nami sisemi.

Rangi ya mbao imeshika kwa madoa

Ulitaka ifanane na mninga, imekuwa kama chui. Hapa mahali panasema kila kitu. Madoa yakiwa karibu na kiungo cha ringi, pale ncha mbili zilipounganishwa, ni gundi iliyobaki juu ya mbao. Yakiwa chini ya kucha, ni mafuta au kutu. Yakiwa juu, pale unapoishikia dramu kuibeba, ni jasho la mikono ya miaka. Yakitapakaa kote bila mpango, ni tabia ya mbao yenyewe: mepo na ndugu zake hunywa rangi kwa pupa sehemu moja na kuikataa nyingine.

Kuna njia ya kuyaona kabla ya kupaka. Ukimaliza kusugua, pangusa ringi nzima kwa kitambaa chenye tapentaini na uitazame ikiwa bado mbichi, kwenye mwanga unaoingia kwa ubavu. Gundi itabaki na weupe mkavu, mafuta yatang'aa. Rudi usugue hapo tu. Kwa mbao yenye pupa, paka kwanza sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, iliyozimuliwa nusu kwa nusu, iache ikauke, isugue kidogo kwa namba 320, ndipo upake rangi. Rangi itakuwa hafifu kidogo kuliko ulivyotaka, lakini itakuwa moja.

Kama unatumia mafuta ya linsidi, vitambaa ulivyofutia usivikunjekunje na kuvitupa pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na furushi la vitambaa linaweza kujiwasha lenyewe. Vitandaze kwenye kamba nje au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Chini imefunguka kama kurasa za kitabu

Hapa nitakaa, maana ndiyo kasoro ninayoiona kuliko zote na ndiyo inayopakwa vanishi juu yake kuliko zote.

Ringi ya nyuma huwa karibu na sakafu, mara nyingine imelala kabisa juu ya zulia. Nilishapewa ringi ya kanisani ambayo upande wa juu ungeweza kuiuza kama mpya, na chini, urefu wa kiganja, tabaka zilikuwa zimeachana. Nilipochomeka wembe ukaingia sentimita mbili bila kusukumwa. Ndani mlikuwa na mchanga, nyuzi nyekundu za zulia, na harufu ya dawa ya deki. Aliyeileta akasema:

"Kaka, nishaipaka vanishi mara mbili, inapasuka palepale."

Nikamuuliza kanisa linapigwa deki lini. Jumamosi jioni. Na dramu inahamishwa? Akacheka. Zulia linalowa, linakaa mbichi usiku kucha, na ringi inafyonza kwa chini kama utambi wa taa. Vanishi ya juu haikuwa na kosa. Iliwekwa juu ya mbao inayopumua maji, ikasukumwa na kuinuka.

Kuitibu kunataka siku. Iache ringi ndani ya nyumba, mahali penye hewa na si juani, kwa wiki nzima. Jua kali litakausha nje na kupinda ringi wakati ndani bado ni mbichi. Ikikauka, fungua kila tabaka kwa wembe, toa uchafu kwa brashi ya meno kavu, kisha kipande cha msasa kilichokunjwa. Kama gundi ya zamani imebaki inang'aa ndani, gundi mpya haitashika, ikwangue. Chukua bomba la sindano, lijaze gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo sana, uisukume ndani mpaka itoke upande wa pili. Fungua na ufunge kwa mkono mara tatu ili isambae.

Kubana ndiko kunakowashinda watu. Klampu za chuma kwenye duara hubana pointi moja na kuacha pengo pembeni. Kata mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli uwe utepe mrefu wa sentimita tatu, weka karatasi ya nailoni isigandishwe, kisha zungusha mpira juu ya jeraha huku umeuvuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko, kama bandeji. Hubana sawasawa kila mahali na kufuata duara lenyewe. Futa gundi inayochuruzika kwa kitambaa chenye maji sasa hivi, maana ikikauka itakuletea yale madoa ya chui. Iache saa 24.

Kisha, na hapa ndipo watu husahau, zibe ukingo wa chini. Ukingo unaoonyesha tabaka zote hunywa maji kuliko uso. Upake sila mara mbili zaidi kuliko sehemu nyingine. Na uweke dramu juu ya kipande cha plaiwudi au mkeka wa mpira siku ya deki.

Ringi za kale sana za mbao moja iliyokunjwa kwa mvuke hazina tabaka za kuachana, bali hufunguka kwenye kiungo kirefu cha mshazari. Dawa ni ileile ya kusafisha, gundi na mpira, ila usiongeze msumari. Msumari hupasua mbao nyembamba na kutu yake itatoka kwenye vanishi baada ya masika ya kwanza.

Ringi haikai sawa sakafuni

Ilaze kwenye tarazo au kioo cha meza na uigonge kwa kidole pande zote. Ikicheza, ingiza kadi ya benki kwenye pengo. Kadi moja au mbili, usiwe na wasiwasi, skrubu zitaivuta. Ikifika unene wa kidole, imesokotwa. Mara nyingi iliegemezwa ukutani miezi mingi, au ilipakwa upande wa nje pekee. Hilo la pili halisemwi vya kutosha: ukifunga nje kwa mikono mitano na kuacha ndani wazi, unyevu utaingia na kutoka upande mmoja tu, na mbao itajikunja. Kila unachopaka nje, paka na ndani, japo mkono mmoja mwembamba. Iliyosokotwa ibane kwenye ubao ulionyooka wiki mbili. Ikirudi vilevile, nunua nyingine.

Ukungu mweupe juu ya laka

Ulipuliza laka ikang'aa kama maji. Baada ya dakika tano imeingia weupe, kama umepumulia kioo. Wakazi wa pwani, karibuni, huu ni ugonjwa wetu.

Tina ikiruka haraka hupoza uso wa ringi. Hewa ya Dar, Tanga, Mombasa au Unguja imejaa unyevu, na ikigusa kitu kilichopoa inaacha umande, kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Umande huo ndio umefungwa ndani ya laka. Ndiyo maana weupe hutokea ringi nzima, hasa sehemu ulizopuliza nene, na hauchagui kucha wala pedali. Ukiona weupe pale tu palipokuwa na jeraha la deki, hilo ni jambo jingine: mbao bado ina maji, rudi juu.

Ukungu mwepesi huondoka. Subiri siku yenye jua na upepo, puliza tina tupu iliyo nyembamba sana, kama unanyunyizia nguo ya kupigia pasi. Laka hulainika tena, unyevu hutoka, weupe huyeyuka mbele ya macho yako. Kama una tina ya kukauka polepole, hiyo ni bora. Ukungu mzito sugua kwa namba 400 na uanze upya.

Kinga ni saa ya kazi. Mimi hupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na masika sipulizi kabisa, kuanzia Machi hadi Mei. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, hewa huwa kavu zaidi. Jioni usijaribu hata wakati huo. Unyevu unapanda, na ukiwasha taa ya baraza ili uone vizuri wadudu wanakuja. Nina ringi moja ambayo chini ya laka kuna bawa zima la kumbikumbi, limetulia kama limechorwa. Mwenyewe alikataa nilitoe.

Tina nayo ina yake. Iliyopimwa kwenye chupa za maji bila lebo inaweza kuwa imechanganywa na chochote, na nimeshapoteza mikono miwili ya laka kwa ajili hiyo. Nunua kopo lililofungwa.

Visima vidogo, laka inakwepa

Unapaka, na vanishi inajitenga na kuacha vishimo vya duara, kila kimoja na kidoa katikati. Hapo kuna silikoni au mafuta: dawa ya kung'arishia dashibodi, mafuta ya kuua kutu yaliyopulizwa kwenye pedali, au mafuta ya nywele ya msaidizi wako. Tazama vilipokaa. Vikiwa karibu na eneo la pedali, ni mafuta ya pedali. Usiongeze mkono mwingine ukitumaini kujaza, visima vitapanda juu. Futa ikiwa bado mbichi, osha kwa tapentaini kwa vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kingine kikavu cha kuokota uchafu, paka shelaki mkono mmoja kama ukuta, kisha endelea.

Imekunjamana kama utando wa maziwa

Umepuliza laka juu ya rangi ya mafuta. Tina ya laka ni kali, imeifumua iliyo chini. Sababu nyingine karibu sijawahi kuiona. Toa yote, au kama rangi ya chini imeshika vizuri sehemu nyingine, sugua, ifunike kwa shelaki, na juu yake utumie vanishi ya mafuta badala ya laka.

Siku ya tano bado inanata

Gusa kwa mgongo wa kidole, si ncha. Ikinata kote, kuna mambo machache: mikono ilikuwa minene na ya juu ikafunga kabla ya chini kukauka, vanishi ilikaa kopo wazi tangu mwaka juzi, au ile ya makopo mawili ilikosewa kipimo cha kopo la kukaushia. Vanishi ya mafuta nene wakati mwingine hupona ikiachwa wiki mbili penye upepo. Ya makopo mawili iliyokosewa kipimo haitakauka hata Krismasi. Ikwangue. Ikinata pale tu unapoishika, juu, ni yale mafuta ya mikono hukuyaosha.

Na pua ni kipimo kizuri kuliko kidole. Weka pua kwenye ringi. Ikiwa bado inanuka tina, bado inakauka, hata kama ni ngumu.

Utepe wa nakshi umevimba au umeyeyuka

Ringi nyingi zina utepe katikati wenye rangi ya mzinga, wa lulu au vimetameta. Dramu za zamani za Ludwig, kampuni iliyoanza Chicago mwaka 1909, na za Gretsch iliyoanza Brooklyn mwaka 1883, zinajulikana kwa tepe hizo. Ukikuta utepe umegeuka ute, umeupitishia tina au asetoni. Nyingi za kale ni za seluloidi, na vitu hivyo viwili huiyeyusha. Haurudi. Na usiubandue kwa bunduki ya joto wala pasi: seluloidi ya kale hushika moto upesi mno.

Utepe uliovimba bila kuyeyuka ni gundi tu imechoka. Ubandue taratibu kwa uzi wa kuvulia samaki ukiupitisha chini kama msumeno, safisha pande zote mbili, paka gundi ya viatu, subiri ishikike bila kunata, kisha ubandike kuanzia kwenye kiungo. Gundi hii haikupi nafasi ya pili, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kupaka gundi. Unapopuliza ringi, funika utepe kwa karatasi ya kunata. Hilo kila mtu analijua na nusu hawafanyi.

Kama una ringi za asili za dramu ya namna hiyo, nashauri uzifute tu. Vanishi ya kiwandani iliyochakaa ina thamani kuliko yako iliyonyooka. Zifunge kwenye shuka, nunua nyingine za kupigia.

Nimeshafunga dramu, ndipo yameanza

Kucha zimezama kwenye laka na kuacha alama? Umefunga mapema. Laka hugusika baada ya saa moja lakini huendelea kugumuka kwa wiki kadhaa. Bonyeza ukucha wako upande wa ndani. Ukiacha alama, chuma kitaacha zaidi. Mimi huacha wiki mbili, na kila kucha naiwekea kipande cha mpira wa tairi ndani yake, uleule uliobaki kwenye kubana. Mpira ukigusana na laka mbichi hushikana nayo, kwa hiyo usiutumie kama dawa ya haraka.

Ringi haiingii juu ya ngozi, au inaingia kwa kugongwa? Umejenga unene upande wa ndani. Mkono mmoja mwembamba ndani, nilisema. Sugua ndani kwa 220 mpaka ikae kwa uzito wake yenyewe. Ukiilazimisha kwa skrubu itakaa mshazari na dramu haitashika sauti, upande mmoja utakuwa umekaza na mwingine umelegea, nawe utalaumu ngozi.

Mlio wa kukwaruza kila unapopiga, kama kiti kibovu, hutoka pale laka inapogusana na ukingo wa ngozi. Pitisha mshumaa kwenye ukingo wa ndani wa ringi. Kidogo, kwa sababu nta hiyo ndiyo itakuletea visima siku ukipaka tena.

La mwisho ni pedali kuteleza. Ringi mpya inayong'aa ni telezi, na mpigaji hukaza skrubu ya pedali mpaka inazama kwenye mbao uliyoihangaikia mwezi mzima. Kata kipande cha ngozi ya kiatu au mpira, urefu wa sentimita 8, kibandike kwa gundi ya viatu juu na chini ya ringi pale pedali inaposhika. Kibandike siku ileile unayofunga dramu, kabla mpigaji hajafika.